Waliozihesabu Herufi

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga herufi za risasi katika matbaa ndogo ya Mombasa. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya maulidi na ya mechi za kandanda. Herufi zilikaa ndani ya sanduku bapa la mbao lililogawanywa vyumba vyumba, na vyumba vile havikulingana. Cha e kilikuwa kikubwa kuliko vyote, tena katikati, pale mkono unapofika bila jicho kuuelekeza. K ilibanwa kando, ndani ya kijumba kisichoingia vidole vitatu, daraja moja na j na z. Fundi aliyenifunza alinionya tangu mwanzo: sanduku hili halikutengenezwa kwa lugha yetu, kwa hiyo ukipanga Kiswahili, tazama a zako kabla hujaanza.

Chukua mstari mmoja wa kadi: Tunawakaribisha katika harusi ya kijana wetu. Una herufi 39. A zimo 10, k zimo 4, na e, ile iliyopewa chumba kikubwa kuliko vyote, imo moja tu, katika "wetu". Ukiwa na kadi ya kurasa mbili, a zilikwisha kabla hujafika kwenye majina ya wazee wa bibi harusi. Hapo tuliweka herufi nyingine kichwa chini kushika nafasi, tukachapa ukurasa wa kwanza, tukaubomoa, tukazirudisha a sandukuni, ndipo tukaendelea na wa pili. Wateja walidhani tunachelewa kwa uvivu. Kilichotuchelewesha ni hesabu iliyofanywa Ulaya zamani sana, kabla hata babu zetu hawajazaliwa.

Hesabu hiyo ina tarakimu zake, na nazikumbuka kwa sababu nilizikuta baadaye nikazilinganisha na sanduku nililolijua kwa vidole. Wauzaji wa herufi hawakumwuzia mchapaji idadi sawa ya kila herufi. Kwa kila e 12,000 walipima t 9,000, kisha a, i, n, o na s 8,000 kila moja, h 6,400, r 6,200. Chini kabisa walikuwepo k 800, q 500, j na x 400 kila moja, na z 200. Ona k hapo: moja ya kumi ya a. Kwa anayechapa kwa Kiingereza hiyo inatosha na kubaki. Kwa anayetaka kuandika "katakata" ni msiba.

Tarakimu hizo ndizo zilizowasaidia Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail katika miaka ya 1830, walipokuwa wakitafuta alama za simu ya waya. Badala ya kuketi na vitabu wakihesabu herufi moja moja, waliangalia akiba ya herufi za mchapaji, maana mchapaji alikwisha kuifanya kazi hiyo kwa tumbo lake: angeagiza vibaya angelala njaa. E ikapewa nukta moja, t kistari kimoja, na herufi za nadra zikapewa alama ndefu. Karibu miaka 1,000 kabla yao, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi alikwisha kuandika kwamba maandishi ya siri huvunjwa kwa kuhesabu ni alama ipi inajirudia zaidi, kisha kuilinganisha na herufi inayojirudia zaidi katika lugha yenyewe. Aliyekuja kuifanya elimu hii ijulikane na wasomaji wa kawaida wa Kiingereza ni Edgar Allan Poe, katika hadithi yake ya mwaka 1843 iitwayo "The Gold-Bug", ambamo mtu anafichua mahali pa hazina ya maharamia kwa kuanza na e.

Hadithi hiyo ilisomwa na Alfred Mosher Butts, na hapa ndipo historia hii inaponishika zaidi.

Butts alizaliwa mwaka 1899 huko Poughkeepsie, jimbo la New York, akawa msanifu majengo. Mwaka 1931, uchumi wa Marekani ulipoporomoka na majengo yakaacha kujengwa, alipoteza kazi. Alikuwa akiishi Jackson Heights, mtaa wa Queens, na alikuwa na muda mwingi kuliko fedha. Akaamua kubuni mchezo. Hakukurupuka; aliketi akaipanga michezo yote aijuayo katika makundi: ya nambari kama dadu, ya kusogeza kete kama sataranji, na ya maneno. Aliona kundi la maneno lina upungufu. Alitaka mchezo ambao nusu yake ni bahati na nusu ni maarifa, na akaona kwamba bahati hiyo lazima ipimwe sawasawa na lugha yenyewe. Ndipo akachukua magazeti, New York Times likiwemo, akaanza kuhesabu herufi kwa mkono, kwa penseli, ukurasa baada ya ukurasa.

Mwanzoni mchezo wake haukuwa na ubao. Aliuita Lexiko, na mchezaji alipewa herufi akajaribu kuunda neno refu. Mwaka 1938 aliongeza ubao, maneno yakaanza kukatana kama katika chemshabongo za magazetini. Kampuni kubwa za michezo zilimkatalia, na ofisi ya hataza ikamkatalia pia. Alitengeneza seti kwa mikono yake, akawauzia marafiki, na jioni alicheza na majirani katika ukumbi wa kanisa la Methodisti la mtaani kwake. Leo katika makutano ya barabara ya 35 na ya 81 kuna kibao cha jina la mtaa ambacho kila herufi yake imeandikiwa alama zake kando.

Aliyeutoa mchezo huo mafichoni ni James Brunot, mmoja wa wachache waliokuwa na seti hizo za mkono. Mwaka 1948 walikubaliana kwamba Brunot atatengeneza na kuuza, na Butts atapata senti chache kwa kila seti. Brunot aliupa jina la Scrabble na kupanga upya miraba yenye nyongeza. Mwaka 1949 yeye na wenzake, wakifanya kazi katika shule iliyoachwa huko Dodgingtown, Connecticut, walitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Halafu mwaka 1952, kama inavyosimuliwa, mkuu wa duka la Macy's aliucheza likizoni, akarudi New York akaulizia dukani kwake, akaambiwa haupo. Baada ya hapo maagizo yaliwazidi nguvu. Butts mwenyewe aliishi hadi mwaka 1993, na hakuwahi kuwa tajiri wa kupindukia.

Niliukuta mchezo huu kwa mwalimu mmoja jirani yetu, na vigae vilipomwagwa mezani nilitambua nilichokuwa nikikitazama. Lilikuwa sanduku letu la matbaa, limetiwa ndani ya mfuko. Vigae ni 100. E 12, kama zile e 12,000. A 9 na i 9, o 8. K moja. Q, j, x na z, moja moja. Thamani yake ni hesabu hiyohiyo iliyopinduliwa: e inayopatikana kila mahali ina alama 1, q na z zilizo adimu zina 10.

Lakini palikuwa na herufi mbili ambazo hazikulingana na sanduku, nazo ndizo zilizonifanya nimheshimu mtu yule. S katika akiba ya mchapaji ni nyingi sawa na a. Butts ameweka s 4 tu. Kiingereza hutia s mwishoni mwa karibu kila jina kulifanya wingi. Kama s zingejaa mfukoni, mchezaji mvivu angedandia maneno ya wenzake mchana kutwa. Ya pili ni h. Mchapaji anazihitaji 6,400, zaidi ya nusu ya e. Mfukoni zimo 2. Kwa nini? Fungua gazeti lolote la Kiingereza uhesabu h zilizomo. Nyingi zimeletwa na neno moja dogo, "the", na ndugu zake. Katika maandishi h imejaa, katika orodha ya maneno ni ya kawaida tu. Sandukuni mnahesabiwa maneno yanavyosemwa; ubaoni mnahesabiwa maneno yanavyoumbwa. Wengi hudhani Butts alinakili ukurasa wa gazeti. Vigae vyenyewe vinaonyesha alifikiri zaidi ya hapo.

Kupanga maneno kwa idadi ya herufi, bila kujali maana, kulikwisha kuanza kabla yake. Krismasi ya mwaka 1877 Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi za Alice, aliwabunia wasichana wawili waliokuwa wamechoshwa na kukaa bure mchezo wa kugeuza neno moja kuwa jingine lenye urefu uleule, herufi moja kwa kila hatua. Miaka miwili baadaye ulikuwa ukichapwa katika jarida la Vanity Fair. Kwa Kiswahili ungekwenda mbio: kata, pata, pita, piga. Kiingereza ni kigumu zaidi. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Stanford, alikusanya maneno 5,757 ya Kiingereza yenye herufi tano, akakuta 671 hayana jirani hata mmoja: badilisha herufi yoyote, hupati neno. Tarehe 21 Desemba 1913 Arthur Wynne, mwandishi mzaliwa wa Liverpool, alichapisha chemshabongo ya kwanza ya miraba katika gazeti la New York World, na kuanzia hapo watu wazima wakawa wanaulizana garini na ofisini kama kuna anayejua neno la herufi sita linaloanza na r.

Lililobadilisha Scrabble kutoka burudani ya sebuleni ni orodha. Zamani klabu za Marekani zilitumia kamusi ya kawaida, na kila mchezo uliishia kwenye ubishi: neno hili lina wingi, halina? Mwaka 1978 ikatoka kamusi rasmi ya wachezaji, yenye maneno ya herufi mbili hadi nane na maumbo yao. Uingereza ikapata yake mwaka 1988. Waliocheza kimataifa wakaziunganisha mbili hizo, na jina la mkusanyiko, SOWPODS, ni herufi za vifupisho vya vitabu viwili zilizochanganywa, jambo la kupendeza kwa watu wa kazi hiyo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwaka 1991.

Nataka nieleze orodha hii ilifanya nini, kwa sababu nimesikia watu wenye elimu wakiidharau. Wanasema kukariri maneno usiyoyajua maana si kujua Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo sababu ilifungua mlango. Kamusi ilipokuwa mwamuzi, aliyezaliwa ndani ya lugha alikuwa na faida: alisoma vitabu vingi tangu utotoni, anasikia lipi ni neno na lipi silo. Orodha ilipokuwa mwamuzi, kila mtu alipewa karatasi ileile. Kijana wa klabu yetu ya Scrabble anajua kwamba qi, xu, za na aa ni maneno halali, kama anavyojua kwamba saba mara nane ni 56. Hakuna shangazi wa Uingereza anayemzidi katika hilo.

Thailand walielewa mapema. Waliuingiza mchezo mashuleni kama njia ya kufundishia Kiingereza, na mwaka 2003, mashindano ya dunia yalipofanyika Kuala Lumpur, fainali ilikuwa ya Wathai wawili: Panupol Sujjayakorn alimshinda Pakorn Nemitrmansuk. Pakorn naye akawa bingwa mwaka 2009. Nigel Richards wa New Zealand alikwenda mbali zaidi kwa upande mwingine: mwaka 2015 alikariri orodha ya Kifaransa kwa wiki chache akawa bingwa wa dunia wa Kifaransa bila kukizungumza, na mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania.

Ila aliyenipa furaha ya kweli ni Mwafrika. Novemba 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Warri, Nigeria, alifika fainali dhidi ya Lewis MacKay wa Uingereza. Lazima ujue wachezaji wakubwa walikuwa wakiamini nini wakati ule. Ukitumia vigae vyako vyote saba kwa mpigo unapata nyongeza ya alama 50. Kwa hiyo mafunzo yote yalielekea huko: kariri maneno ya herufi saba na nane, maelfu kwa maelfu, na ukiliona moja liweke. Wanigeria walilitazama jambo hili kwa miaka, wakisaidiwa na programu za kompyuta zinazocheza mchezo huohuo, wakaona neno refu lina gharama. Linafungua ubao kwa mpinzani. Linakulazimisha kuchota vigae saba vipya bila kujua utapata nini. Neno la herufi nne au tano, likiwekwa mahali pazuri, huweza kukupa alama za kutosha huku ukibaki mkononi na s, au kigae kitupu, ukifunga njia ambayo mwenzako alikuwa akiivizia. Wakarudi kwenye orodha za maneno mafupi, zile ambazo wengine walizipita haraka. Maneno ya herufi tano yanakaribia 13,000 katika orodha ya kimataifa. Si kazi ndogo.

Nigeria haikufika hapo kwa bahati. Huko Scrabble ni mchezo rasmi, majimbo yana timu zake, na kuna makocha. Katika fainali ile Jighere alishinda michezo minne mfululizo, nne bila, na hakumwachia MacKay hata mmoja. Mojawapo ya maneno yaliyotajwa sana ni FELTY, herufi tano. Ukizijumlisha bila nyongeza ni alama 11. Pale alipoliweka lilimpa 36. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, na Rais Muhammadu Buhari alimpigia simu kumpongeza. Niliisoma habari ile mara kadhaa siku ileile. Watu wa Warri wamefundishwa Kiingereza kwa mabavu ya historia, kama sisi. Na mtu wao alikuwa amekishika kwa upande ambao wenye lugha hawakuutilia maanani.

Miaka sita baadaye herufi tano zikawa shughuli ya dunia nzima. Josh Wardle, mzaliwa wa Wales aishiye Brooklyn, alimtengenezea mwenzi wake Palak Shah mchezo wa kubahatisha neno moja la herufi tano kila siku, na Palak ndiye aliyeipitia orodha ndefu akachagua maneno kama 2,500 yanayojulikana na watu wa kawaida. Mwanzoni mwa Novemba 2021 wachezaji walikuwa 90. Mwanzoni mwa Januari 2022 walipita 300,000, na mwezi huohuo New York Times likaununua.

Katika orodha ya kimataifa ya herufi tano tumo pia sisi. BWANA ni halali, na UGALI, na UHURU inayomeza u tatu kati ya nne za mfuko mzima. KANZU ni nzuri sana kwa sababu ya k na z. KIKOI ni halali lakini haiwezekani bila kigae kitupu, maana inataka k mbili na mfuko una moja. Kila mara mtu anapoiweka ubaoni nakumbuka kile kijumba kisichoingia vidole.

Vijana wa klabu huniuliza mbona hatuchezi kwa Kiswahili. Kwa mfuko wa Butts haiwezekani: ule mstari wa kadi ya harusi tu unataka a 10 na k 4, na mfuko mzima una a 9 na k moja, hata uvitumie vigae vitupu vyote viwili bado haukamiliki. Tunahitaji mfuko wetu, ambao a itakuwa na wingi ambao e haijawahi kuuota, k itashuka thamani hadi alama moja au mbili, na q na x zitatupwa kabisa. Kuhesabu si shida. Magazeti ya Kiswahili yapo, penseli zipo.

Shida ni orodha. Kamusi yetu hutaja kitenzi kwa shina lake, na kutoka shina la "leta" unapata letea, letwa, letewa, letana, letesha, kisha unaweka viambishi mbele: nimeleta, tutawaletea, hawakuletewa. Ukiyakubali yote, mwenye kigae cha a na cha e hakosi pa kudandia, na mchezo utakosa ladha. Ukiyakataa yote, umebaki na majina na mashina, umekata lugha mguu. Mimi ningekubali vitenzi na minyambuliko yake bila viambishi vya nafsi na wakati: letea ndiyo, nimeletea hapana. Wingi wa majina ningeukubali pale tu unapobadilisha umbo, viti kwa kiti. Na ningetoa kwanza orodha ya herufi mbili na ya herufi nne, maana hizo ndizo mtoto wa darasa la nne anaweza kuzimaliza kwa muhula mmoja, ile ya tano ikafuata baada ya wazee wa klabu kumaliza kubishana juu ya "ng'" kama ni kigae kimoja au viwili.